Dakika Arobaini na Tano

Jumatatu, 4 Machi

Nimekaa darasani leo na watu kumi na mmoja. Nusu yao wakiona asilimia wanatafuta kikokotoo, na nusu nyingine wanatafuta mlango. Miaka ishirini na tatu nahesabu watu wa mji huu. Nimehesabu vyoo vyao, mabomba yao, watoto wao waliochanjwa na wasiochanjwa. Leo eti nifundishwe kuchanganya hesabu na soga, na mchanganyiko huo umepewa jina la heshima: mbinu mseto.

Mkurugenzi wangu alinieleza bila haya. Kiti cha ukuu wa kitengo cha takwimu kinaningoja, lakini siku hizi wafadhili hawaisomi ripoti isiyo na maneno ya wananchi ndani yake, kwa hiyo niende muhula mmoja, nirudi na cheti. Nimekubali shingo upande.

Chumba kinavuja. Wameweka ndoo ya bluu mbele, na mwalimu anafundisha huku anaizunguka kana kwamba ni mwanafunzi wa kumi na tatu. Ni mwanamama mfupi mwenye sauti ya chini, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alisema namba hutuambia wangapi, mazungumzo hutuambia imekuwaje, na mtafiti anayejua kazi huzigombanisha hizo mbili mpaka zote ziseme kweli. Wenzangu waliandika. Mimi nilihesabu matone: thelathini na manne kwa dakika.

Tumepangwa wawili wawili, mtu wa namba na mtu wa maneno. Nimepewa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, zamani alikuwa nesi, na kila mtu anamwita hivyo hivyo, Nesi. Ana kinasa sauti kidogo mfukoni na subira ya mtu asiye na kazi. Kazi yetu ya muhula itakuwa utafiti wangu wa ofisini: je, mji bado unaihitaji kliniki ya jioni, ile inayofunguliwa saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, au ifungwe na manesi wake wawili wahamishiwe asubuhi? Wahojaji wangu wameshapita nyumba kwa nyumba. Watu 1,204. Yeye atazungumza na ishirini. Nilimwuliza ishirini wanaweza kusema nini ambacho elfu moja hawajasema. Akatabasamu, akanyamaza. Huo ndio utaalamu wake wote, nadhani.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Ndoo imebadilishwa, sasa ni kubwa zaidi. Hilo ndilo badiliko pekee lenye maana hadi sasa.

Jumanne, 12 Machi

Leo tumefundishwa mpangilio: kwanza hesabu, kisha chagua wachache kutoka kwa haohao waliohesabiwa ukazungumze nao, kisha weka vyote kwenye jedwali moja. Safu ya kushoto namba, ya kulia maneno ya watu, ya katikati kile ambacho vyote viwili vinakuambia. Mtoto wa darasa la nne angelielewa hilo, lakini limetuchukua saa tatu na michoro minne.

Jioni nilisafisha data zangu, kazi ambayo watu wazima huifanya bila michoro. Nilimwonyesha Nesi kwenye kompyuta ya maktaba, angalau apate cha kusimulia kwao. Dodoso langu huchukua dakika ishirini. Likizidi arobaini na tano, maana yake ni moja tu: mhojaji ameweka kishikwambi chini, anakunywa chai na wenye nyumba. Majibu ya namna hiyo hayaaminiki, yanaondolewa. Kanuni hii niliitunga mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita, na ofisini wanaiita Wembe. Hata kishikwambi chenyewe kinawaka rangi nyekundu muda ukipita. Nimeondoa sabini na moja kwa kubonyeza mara moja, wakabaki 1,133. Kati yao wanaotumia kliniki ya jioni ni thelathini na wanne. Asilimia tatu. Wengi wao walikwenda mara moja tu mwezi mzima, na wangeweza kwenda asubuhi.

Nesi aliuliza, “Hao sabini na moja walisema nini?”

Nikamwambia hawakusema kitu, walikuwa wanakunywa chai.

Nyumbani dada yangu alinisimulia habari ya jirani na fundi bomba. Tunaishi pamoja tangu mama afariki. Dada hajawahi kusimulia kitu kwa chini ya nusu saa. Anaanzia kwa babu wa fundi bomba. Nilitazama saa ya ukutani, akaniona, akainuka kuosha vyombo.

Jumatano, 20 Machi

Nimefuatana na Nesi kwenye moja ya mahojiano yake, nikaone maajabu. Tulikaribishwa na mzee wa kiume kwenye chumba cha viti viwili. Nesi akawasha kinasa, akasema, “Tuambie unavyoumwa.” Basi. Halafu akakaa. Mzee akazungumza juu ya mwanawe, paa lake, mbwa wa jirani, na mwisho kabisa juu ya kifua chake. Mzee aliponyamaza, Nesi naye alinyamaza, na mimi nikabana meno nisije nikajaza ule ukimya kwa swali lenye majibu manne ya kuchagua. Saa moja na robo. Tulitoka na kitu ambacho ningekipata kwa maswali mawili.

Nilimwambia hivyo njiani. Akasema pengine. Mtu akikujibu “pengine” kwa upole namna hiyo, unatamani kumsukuma kwenye dimbwi.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Nesi anaandika kwa mkono kila neno lililonaswa, hata vikohozi. Ameweka alama maalumu ya kikohozi. Sina la kuongeza.

Jumanne, 9 Aprili

Mkurugenzi alitaka muhtasari, nikampa ukurasa mmoja. Asilimia tatu, mchoro mmoja, sentensi sita. Alisema ndiyo maana ananipenda, simpotezei muda. Ukurasa huo umekwenda kwa kamati ya afya ya mji, na kliniki ya jioni inafungwa mwisho wa mwezi. Cheti changu hakijafika na kazi imeshafanya kazi. Nilitamani mwalimu na miwani yake ya uzi angekuwepo aone.

Jumatano, 17 Aprili

Leo damu ilinichemka mbele za watu, na sijutii.

Nesi aliwasilisha mahojiano yake darasani. Kumi na tisa aliwachagua kwenye orodha yangu, kama ilivyotakiwa. Wa ishirini alimwokota kwenye benchi la kliniki ya jioni. Ni mama mshonaji, anafanya kazi kwenye karakana ya sare za shule, ana sukari na kidonda kwenye mguu wa kulia, ule anaokanyagia cherehani. Kidonda kinataka kusafishwa mara tatu kwa wiki. Karakana inafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Kliniki ya mchana inafungwa saa tisa. Bila ile ya jioni, alisema Nesi kwa sauti yake ya msibani, huyu mama atachagua baina ya mguu na kazi.

Darasa zima likasikitika. Watu wa maneno wanasikitika haraka sana.

Nikauliza yumo kwenye utafiti? Nesi akasema mwenyewe anadai yumo, alihojiwa nyumbani kwake siku ya mapumziko. Nikafungua orodha hapohapo. Mtaa huo, washonaji wanne, hakuna hata mmoja mwenye kidonda. Nikasema wazi kwamba mwenzangu ameona namba zimemkatalia, akaenda kutafuta mtu wa kumliza mwalimu. Nilisema “ametia chumvi.” Nilitaka kusema kubwa zaidi.

Nesi alikunja karatasi zake, akaziweka mfukoni.

Mwalimu aliisogeza ndoo kwa mguu, akaniambia, “Mmoja wenu ana mtu ambaye mwenzake hana. Katika kazi hii hapo ndipo pa kuanzia. Mtafute.”

Nimtafute! Mimi ndiye mwenye orodha.

Alhamisi, 25 Aprili

Jedwali la pamoja. Upande wa Nesi umejaa mpaka pembeni. Upande wangu, mstari wa mshonaji, nimeandika “hayupo.” Mwalimu amepiga duara kulizunguka neno hilo kwa penseli.

Jumatano, 1 Mei

Nilipita mbele ya kliniki saa kumi na moja na nusu. Kuna karatasi mlangoni, imelowa, wino umechuruzika. Watu sita walikuwa wamesimama chini ya bati wanaisoma, wakaisoma tena. Nilipitiliza. Watu sita si sampuli.

Jumatatu, 6 Mei

Naandika yote, kwa mpangilio, kabla sijaanza kujitungia visingizio.

Baada ya kipindi Nesi alinifuata ngazini. Hakuwa amenuna, na hilo lilinipandisha hasira zaidi. Aliomba dakika mbili nisikilize kipande cha sauti ya yule mshonaji, halafu hatanisumbua tena. Nikasema mbili, si tatu. Akaniwekea spika sikioni.

Sauti ilikuwa ya mama mtu mzima, imechoka, ina kicheko ndani yake. Alikuwa anasema: “Binti wenu alikuja, mwembamba, na koti la mvua jekundu. Akaniuliza nilikwenda lini, nikahudumiwa na nani, nikangoja muda gani, nikaridhika? Nikamjibu. Akauliza tena yaleyale. Tena. Mara kumi na tatu, baba! Mpaka nikawa namjibu kabla hajauliza. Ile kitu yake ikawaka nyekundu, akaogopa, nikamwambia kaa, maliza, nimezaa wanne na sijachoka.”

Nilianza kucheka. Mara kumi na tatu, nani huuliza mara kumi na tatu? Nikaacha kucheka.

Mimi ndiye niulizaye mara kumi na tatu. Sehemu C ya dodoso niliiandika kwa mkono wangu, mwaka huu kwa mara ya kwanza: kwa kila mara mhojiwa alipokwenda kliniki mwezi uliopita, rudia maswali yote tisa. Aliyekwenda mara moja anajibu mara moja. Anayekwenda mara tatu kwa wiki anajibu mara kumi na tatu. Na anayejibu mara kumi na tatu hawezi kumaliza kwa dakika arobaini na tano, hata angekuwa mtangazaji wa mpira.

Nilikwenda ofisini bila mwavuli. Nilifungua faili la awali, lile ambalo Wembe haujaligusa. Koti jekundu ni mhojaji namba saba, namjua. Nikashuka kwenye orodha yake. Mshonaji, miaka hamsini na nane, mguu, kidonda, jioni, mara kumi na tatu. Dakika sabini na nne.

Yumo. Alikuwemo siku zote.

Nikawarudisha wote sabini na moja. Hamsini na wanane ni watu wa jioni: wa vidonda, wa sindano, na baba mmoja anayempeleka mwanawe kila baada ya kazi. Mwezi ule mlango wa kliniki ya jioni ulipokea mahudhurio 573. Mimi nilibakiza mahudhurio 51, nikafuta 522. Hakuna kati yao aliyekuwa anakunywa chai. Kadiri mtu alivyoihitaji kliniki, ndivyo nilivyomfuta kwa uhakika zaidi. Ungempa mlevi sarafu arushe, angeniacha mbali kwa usahihi.

Na hapo sijauliza juu ya miaka kumi na moja. Mwaka juzi tulifanya utafiti wa wazee. Wazee wanazungumza polepole.

Jumanne, 7 Mei

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 9 Mei

Sijamwambia mtu. Mkurugenzi amenipitia mezani, akanigonga begani, akasema kiti kinafutwa vumbi. Nilitabasamu kama mjinga.

Jumatatu, 13 Mei

Dada amenibana. Alisema wiki nzima nala kama mtu anayemeza vidonge, niseme. Nikamweleza, nikitarajia hataelewa hata robo. Alielewa kabla sijafika Sehemu C.

“Mdogo wangu, wewe hukuanza na hao,” alisema. “Mama alipokuwa anakupigia simu ulikuwa unaweka saa mezani. Alijua. Alikuwa ananiuliza mimi kwanza lipi aliseme mapema, lisije likakatwa.”

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anakunja nguo. Nimelia, na naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, 14 Mei

Nimemwambia Nesi. Tulikuwa peke yetu darasani. Nilisema, “Yumo. Nilimfuta mimi.”

“Najua,” akasema. “Tangu ulipoacha kucheka pale ngazini. Nilikuwa nangoja useme.”

Siku nane! Alinifanyia mimi kilekile alichomfanyia mzee wa mbwa, akakaa kimya mpaka nikajaza mwenyewe. Ningemzaba kibao, kama nisingekuwa na aibu kiasi kile.

Ametaka twende kwa mshonaji. Tulimkuta karakanani wakati wa mapumziko, amekaa kwenye gunia la vitambaa, mguu juu ya kiti. Tangu mlango ufungwe anajisafisha mwenyewe kwa maji ya chumvi na kuufunga kwa mabaki ya vitambaa vya sare. Bandeji yake ilikuwa ya bluu, ya shule ya msingi. Nesi aliifungua, akanusa, uso wake ukabadilika. Alimwambia aende hospitali leo, si kesho. Mama akasema ana oda ya sare mia mbili. Nesi hakunyamaza safari hii. Alimwinua, akamtia kwenye teksi.

Mimi nilibaki nimeshika kipande cha kitambaa cha bluu. Mwenye karakana aliniuliza mimi ni nani. Nikasema natoka takwimu.

Jumatano, 22 Mei

Mkurugenzi alinisikiliza mpaka mwisho, dakika sita. Akasema sabini na moja kati ya elfu moja ni makosa ya kawaida, na ukurasa umeshakwenda. Nikisema leo kwamba Wembe ni mbovu, kesho nani ataamini ripoti nyingine zote? Nikamwambia hata mimi siziamini. Akatabasamu kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa, akataja kiti.

Huyu ndiye mtu ambaye kwa miaka mingi nilikuwa najivunia kutompotezea muda. Hajawahi kuuliza swali la pili maishani mwake, na mimi nilidhani huo ni wepesi wa akili.

Nimeandika barua kwa kamati ya afya moja kwa moja. Nimeambatisha jedwali la pamoja, kushoto namba mpya, kulia maneno ya mshonaji, na katikati, alipopiga duara mwalimu, sentensi moja: “Waliohitaji zaidi waliondolewa na mtakwimu.” Nesi alitaka tuandike “waliondolewa na kanuni.” Nikamwambia kanuni haina mikono.

Alhamisi, 30 Mei

Kamati. Meza ndefu, chupa za maji, wajumbe tisa ambao wawili walikuwa wanasinzia. Walipofika kwenye ukurasa wangu, mwenyekiti aliuliza kwa ukali kosa hili ni la nani, la wahojaji? Mhojaji namba saba ana miaka ishirini na mbili na mkataba wa miezi mitatu. Kumtupia ingekuwa rahisi mno, na Mkurugenzi alikuwa ameshafungua mdomo.

Nikasema, “La kwangu. Binti alikaa mpaka mwisho, ingawa nilimwekea taa ya kumtisha. Yeye ndiye aliyefanya kazi vizuri.”

Kliniki itafunguliwa jioni tatu kwa wiki, wakati tunahesabu upya. Kiti kimepewa mtu wa bajeti, kijana mwenye tai asiyejua Sehemu C ni nini. Nilidhani nitaumia zaidi.

Alhamisi, 6 Juni

Muhula umekwisha. Mvua imekatika tangu Jumapili, na leo mafundi wamekuja kuziba paa, sasa ambapo hakuna kinachovuja. Nimepata B. Nilimwuliza mwalimu ni kwa nini si A. Akasema jedwali ni zuri, ila nilichelewa siku nane. Kumbe Nesi alimwambia. Mnafiki mkubwa, mpole.

Ijumaa, 7 Juni

Hesabu mpya imeanza, na nimeomba kishikwambi kimoja nihoji mwenyewe. Nimeanza na mshonaji.

Hospitali wamekata vidole viwili vya mguu wa kulia. Madaktari wamemwambia kwamba angefika wiki moja mapema, pengine wangeviokoa kwa dawa. Hiyo wiki naijua tarehe zake, nimeziandika humu juu: tarehe saba, sijamwambia mtu; tarehe tisa, sijamwambia mtu. Nilimweleza yote, tangu Wembe. Alisikiliza huku akitia uzi kwenye sindano. Hakunisamehe, wala hakunitukana. Alisema amejifunza kukanyaga kwa mguu wa kushoto na mshono unakwenda upande kidogo, lakini wateja wa sare hawaangalii.

Halafu akaniambia, “Haya, uliza maswali yako, mdogo wangu. Nayajua.”

Nikauliza. Alijibu, na baina ya majibu akaniambia habari za wanawe wanne, za mume aliyehama, za cherehani aliyoirithi kwa mama yake. Mara mbili nilitaka kumrudisha kwenye swali. Mara mbili nilinyamaza, na ukimya ule ulikuwa mrefu na mgumu, na kila mara alisema jambo ambalo sikuwa na swali lake.

Dakika ya arobaini na sita skrini ikawaka nyekundu. Aliiona, akaacha kushona.

“Na haya mtayatupa?”

Nikageuza kishikwambi kifudifudi mezani, nikamwomba aendelee. Tulimaliza saa moja na dakika ishirini na mbili. Nimehifadhi.